Almasi au Meza ya Operesheni: Sajini wa Kwanza na Masta Sajini Katika Jeshi la Marekani

MAVNI, mpango wa kuwaingiza jeshini wahamiaji wenye ujuzi au lugha maalum hata bila kadi ya kijani, ulipoanza kuandikisha watu mwaka 2009, Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha ya lugha ambazo jeshi la Marekani lilizihitaji. Mpango ulisitishwa mwaka 2016. Walioingia kwa mlango huo, pamoja na waliofika na kadi ya kijani wakaandikishwa kwa njia ya kawaida, si makuruti tena. Waliobaki na sare hadi leo wamekuwa masajini wenye watu chini yao, na baadhi wamefika E-7, ngazi ya saba kati ya tisa za askari wasio maafisa, au wanaikaribia. Hapo ndipo njia inapogawanyika.

Upande mmoja yupo Sajini wa Kwanza, mkubwa wa masajini wote katika kombania. Upande wa pili yupo Masta Sajini, ambaye mara nyingi utamkuta makao makuu ya batalioni au brigedi, kwenye ofisi ya operesheni, ugavi au upelelezi. Wote wawili ni E-8, ngazi iliyoundwa mwaka 1958 pamoja na E-9. Mshahara wa msingi ni sawa mkiwa na miaka sawa ya utumishi, kwa hiyo suala la pesa tuliweke kando mapema. Katika Jeshi la Nchi Kavu hata alama ya cheo inafanana: mistari mitatu ya ncha juu, matao matatu chini. Ya Sajini wa Kwanza ina almasi katikati, na ndiyo maana watu husema fulani amepata almasi.

Msomaji aliyelelewa na majeshi ya nyumbani asichanganyikiwe. Kwa mfumo wa Waingereza, ambao King's African Rifles iliuacha Afrika Mashariki, sajini meja wa kombania ni afisa mteule (warrant officer) daraja la pili. Wamarekani hawaendi hivyo. Kwao mkubwa wa askari katika kombania bado ni sajini, na afisa mteule ni mtu wa aina nyingine kabisa, ambaye nitamgusa mbele kidogo.

Vigezo nitakavyotumia

Nitawapima wawili hawa kwa mambo yaleyale: siku yao inakwendaje, nguvu zao zinatoka wapi, nyumbani kunakuwaje, fani uliyosomea inabaki nawe au inakuacha, ngazi ya juu inafunguka vipi, na ukivua sare unaondoka na nini mkononi. Lakini kuna swali linalotangulia yote hayo, na naona watu wengi hulisahau kwa sababu wanashughulika na sifa za vyeo tu.

Umevaa sare ipi?

Katika Jeshi la Nchi Kavu unapandishwa kuwa Masta Sajini kwanza. Usajini wa Kwanza unaupata baadaye, ukipangiwa nafasi hiyo: unahamishwa pembeni, cheo kinabadilika jina, almasi inaingia. Muda wako kombaniani ukiisha na ukapelekwa makao makuu, almasi inatoka na unarudi kuwa Masta Sajini. Hakuna aliyekushusha. Mtu anaweza kushika kombania moja, akapewa nyingine, kisha akamalizia kwenye ofisi ya operesheni. Kwa askari wa nchi kavu, basi, swali halisi ni lini na kwa muda gani, wala si kuchagua kimoja na kukiaga kingine.

Kikosi cha Marine kina mambo yake. E-7 wa Marine, ambaye wenyewe humwita Gunny, hutakiwa aseme kwenye taarifa yake ya tathmini anataka kufikiriwa kwa njia ipi: Sajini wa Kwanza au Masta Sajini. Akipandishwa kuwa Sajini wa Kwanza, anaiacha fani yake. Aliyekuwa fundi wa ndege, mpishi au mtu wa mawasiliano sasa ni kiongozi wa askari tu, na anaweza kupelekwa kwenye kombania ambayo kazi yake hakuwahi kuifanya. Mbele yake kuna Sajini Meja. Mwenzake aliyechagua Masta Sajini anabaki na fani ileile, na mbele yake kuna Masta Ganeri Sajini, ngazi ya E-9 ya mabingwa wa fani. Njia hizi mbili hazikutani tena. Unachoandika ukiwa E-7 kinakufuata hadi siku ya kustaafu.

Jeshi la Anga nalo lina Sajini wa Kwanza, ila huko ni kazi maalum ya muda: mtu hutoka kwenye fani yake, hutumikia kikosi, kisha huweza kurudi alikotoka. Tena huko Masta Sajini ni E-7, si E-8, kwa hiyo ukilinganisha na rafiki yako wa anga hakikisheni mnazungumza ngazi moja.

Kama wewe ni wa Marine, soma yanayofuata polepole zaidi ya wengine.

Siku yenyewe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kombania imesimama kwa mazoezi ya viungo. Kabla ya hapo Sajini wa Kwanza ameshapokea hesabu kutoka kwa sajini wa kila platuni: nani yupo, nani yuko likizo, nani ameenda hospitali, na yule mmoja ambaye hakuna anayejua alipo. Kombania inaweza kuwa na watu mia moja, mia na hamsini, hata mia mbili, na kila jina ni lake. Baada ya mazoezi inakuja foleni mlangoni. Askari ana daktari wa meno saa nne na sajini wake hataki kumwachia. Mwingine mshahara umekosewa. Wa tatu mkewe anajifungua wiki hiyohiyo ambayo kombania inaingia porini kwa mazoezi. Katikati ya hayo kuna taarifa za tathmini za masajini zinazotakiwa zisichelewe, mapendekezo ya nishani, orodha ya zamu, ukaguzi wa mabweni, na vijana wanaokwenda mbele ya bodi ya kupandishwa cheo ambao lazima mtu awaulize maswali kwanza ili wasiaibike.

Kazi hii ni ya zamani kuliko Marekani kuwa na katiba. Baron von Steuben, Mprusi aliyelifundisha gwaride jeshi la George Washington huko Valley Forge, aliandika kanuni zilizotoka mwaka 1779. Humo Sajini wa Kwanza anatakiwa aijue tabia ya kila askari, na atunze daftari la kombania lenye jina, umri, urefu, mahali pa kuzaliwa na kazi ambayo mtu alikuwa akiifanya kabla ya kujiunga. Anakatazwa kwenda zamu yoyote isipokuwa na kombania nzima. Muda wote awepo kambini ili aitike akiitwa. Ukiondoa daftari, ambalo sasa ni kompyuta, Sajini wa Kwanza yeyote wa leo akisoma kanuni hizo atajitambua.

Vitani, au kwenye mazoezi makubwa, anabadilika kuwa mtu wa nyuma ya mstari anayewafanya walio mbele waendelee. Risasi, maji, chakula na mafuta vinafika platuni kwa sababu yeye na watu wa ugavi wamevipeleka. Majeruhi wanakusanywa mahali pamoja na kuondolewa kwa sababu yeye anapasimamia mahali hapo.

Siku ya Masta Sajini haina foleni ya askari. Ina foleni ya karatasi na mikutano. Kwenye ofisi ya operesheni ya batalioni yeye ndiye msimamizi wa masajini wa pale, na kazi yao ni kuifanya mipango ya maafisa iwe jambo linalowezekana. Kombania nne zinataka uwanja mmoja wa shabaha wiki moja, nani anapewa? Magari ya kuhamisha watu yameombwa? Risasi za mazoezi zimeagizwa kwa wakati? Amri iliyoandikwa na kapteni kijana ina makosa matatu yatakayowafanya watu wakae barabarani usiku kucha. Nani anayaona kabla haijasainiwa? Wakati wa operesheni yeye hukaa kwenye kituo cha uongozi akifuatilia kila kombania iko wapi, nani ameripoti na nani amenyamaza. Akifanya vizuri hakuna anayejua alifanya nini. Watu wanaona tu kwamba malori yalifika.

Yupo Masta Sajini mwingine ambaye meza haimhusu sana. Kwenye vikosi maalum vya nchi kavu timu ya msingi ina watu 12: kapteni anaiongoza, afisa mteule ni msaidizi wake, na Masta Sajini ndiye sajini wa timu. Huyo ni kiongozi wa watu kila dakika, na wengi wanaofika hapo hawawezi kubadilishana nafasi hiyo na almasi yoyote. Ukiwa kwenye ulimwengu huo, nusu ya ulinganisho huu haikuhusu.

Nguvu zinatoka wapi

Sajini wa Kwanza hana mamlaka ya kisheria kama watu wanavyodhani. Adhabu za Kifungu cha 15, zile zisizohitaji mahakama, anazitoa kamanda wa kombania, ambaye ni kapteni. Sajini wa Kwanza anapendekeza. Lakini kapteni huyo kwa kawaida ana miaka michache jeshini, pengine sita au minane, na ataondoka baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Mwenzake ana kumi na tano au zaidi na ameshawaona makapteni wengi wakija na kwenda. Nguvu yake iko katika kusikilizwa na kapteni mlango ukiwa umefungwa, na katika askari kujua kwamba anasikilizwa. Kapteni akiwa haamini neno lake, almasi inakuwa pambo.

Hata namna ya kuitwa inaonyesha hilo. Katika Jeshi la Nchi Kavu koplo aliyepanda juzi akawa sajini na Masta Sajini wa miaka ishirini wote huitwa "Sajini". Sajini wa Kwanza huitwa kwa cheo chake kizima, na askari waliomzoea humwita Top. Kwa Marine, usishangae, Top ni Masta Sajini.

Januari 1945, huko Holzheim, Ubelgiji, Sajini wa Kwanza Leonard Funk wa askari wa miavuli alijikuta akifanya kazi ya ofisa msaidizi wa kombania baada ya mwenye nafasi hiyo kuumia. Watu walikuwa wachache. Akawakusanya makarani na watu wa ofisi ya kombania, akawafanya kikosi cha kupigana, wakaingia nyumba kwa nyumba kwenye theluji na kukamata mateka 30 bila kupoteza mtu. Alipewa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Marekani, kwa yaliyotokea siku hiyo. Mimi kinachonivutia ni wale makarani. Aliwategemea watu ambao mwingine angewaona ni wa taipureta tu, na Sajini wa Kwanza ndiye mtu katika kombania aliyekuwa na sababu ya kuwajua.

Masta Sajini nguvu yake ni ya kujua. Meja wa operesheni anamtazama yeye kabla ya kumjibu kamanda wa batalioni. Hana askari mia wa kuamrisha, ana watano au kumi, lakini karatasi yake moja inawahamisha watu mia tano. Tatizo ni kwamba nguvu hiyo ni ya kuazima: anazungumza kwa jina la afisa wa operesheni, na Sajini wa Kwanza mkaidi wa kombania fulani anaweza kumbishia mpaka afisa mwenyewe apige simu.

Asidhani mtu kwamba cheo hiki ni cha waoga wa mstari wa mbele. Majuma yaleyale ambayo Funk alikuwa Ubelgiji, Masta Sajini Roddie Edmonds alikuwa mateka kwenye kambi ya Wajerumani huko Ziegenhain, mkubwa wa masajini kati ya Wamarekani zaidi ya elfu moja. Mkuu wa kambi akaamuru Wayahudi peke yao wajitokeze kesho yake. Edmonds akawatoa wote wakasimama, akasema hapa sote ni Wayahudi, bastola ikiwa imeelekezwa kwake. Mjerumani akaondoka. Mwaka 2015 Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, ilimtambua Edmonds kuwa miongoni mwa Waadilifu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi waliohatarisha maisha kuwaokoa Wayahudi. Na wa karibu na kwetu: Gary Gordon, aliyeomba kushushwa kutoka kwenye helikopta ili amlinde rubani aliyeanguka Mogadishu tarehe 3 Oktoba 1993, akafia pale, alikuwa Masta Sajini.

Simu ya usiku na nyumbani

Hapa ndipo ndoa zinapopimwa. Ijumaa alasiri kombania inapanga mstari kusikia hotuba ya usalama: usinywe ukaendesha gari, usimpige mkeo, mwenzako akiwa na mawazo mabaya usimwache peke yake. Kisha watu wanatawanyika na Sajini wa Kwanza anaenda nyumbani na simu ambayo haizimwi. Polisi wamemkamata kijana wako. Mke wa askari analia kwenye maegesho ya hospitali. Bwenini wamepigana. Mama amepiga kutoka jimbo jingine, mwanawe hapokei simu siku mbili. Mwenzi wa Sajini wa Kwanza pia hujikuta amepewa kazi bila mshahara, maana wake na waume wa askari wadogo watamtafuta.

Kwa sisi tuliotoka kwenye jamii ambako mtu mzima hupigiwa simu usiku na ukoo mzima, wengine huona ni jambo la kawaida na hulibeba vizuri kuliko wenzao. Ila kumbuka ule ukoo nao haujaacha kupiga. Harusi ya binamu Machakos, msiba Tabora, ada ya shule ya mtoto wa shangazi, na tofauti ya saa ikiwa saba au zaidi. Ukiongeza askari mia na hamsini juu yake, hesabu na mwenzako kwanza, kwa uwazi, kabla hujamwambia sajini meja wako kwamba unataka kombania.

Masta Sajini huwa na jioni zake, isipokuwa msimu wa mazoezi makubwa au kutumwa nje, ambapo ofisi ya operesheni hukesha kuliko mtu yeyote. Uchovu wake ni wa aina nyingine. Anarudi nyumbani mapema lakini kichwa kimejaa mkutano wa kesho. Na upo upweke: hana kombania ya kumshangilia, na wiki nzima inaweza kupita bila askari hata mmoja kumshukuru kwa jambo.

Fani yako

Kwa Marine nimeshasema: almasi inakuondoa kwenye fani. Kwa nchi kavu fani inabaki kwenye karatasi, lakini miaka miwili ya kushughulikia watu inakutoa mikono kwenye kazi. Kwa askari wa miguu hilo si tatizo kubwa. Kwa mtu wa mitandao ya kompyuta miaka miwili ni mingi mno; akirudi atakuta vifaa na programu vimebadilika na sajini wa umri wa mpwa wake ndiye anayemfundisha. Masta Sajini anayebaki kwenye fani anaendelea kunoa kisu chake.

Ngazi ya juu

Katika Jeshi la Nchi Kavu hata kufika E-8 kunahitaji kozi ya viongozi wa ngazi hiyo, na wanaoelekea E-9 huenda Chuo cha Masajini Meja huko Fort Bliss, Texas, kilichoanzishwa mwaka 1972. Kozi ya kukaa pale huchukua takriban miezi kumi. Sajini Meja wa ofisini anaweza kutoka upande wowote. Sajini Meja wa kamandi, yule anayetembea na kamanda wa batalioni, ni vigumu kumpata ambaye hakuwahi kushika kombania. Bodi inataka kuona miezi ya almasi. Kwa hiyo mtu wa nchi kavu anayeota kamandi lazima apitie huko, apende asipende. Anayetosheka na E-8, au anayetaka E-9 ya makao makuu, hana haja ya kulazimisha.

Ukivua sare

Pensheni huanzia miaka 20 ya utumishi, na hapo wote mko sawa. Kwenye soko la kazi Masta Sajini mwenye fani inayouzika, kama ugavi, tiba, mitandao au upelelezi, huwa na maelezo mafupi zaidi kwenye wasifu wake: alifanya hiki, ana cheti hiki. Sajini wa Kwanza huuza uongozi wa watu. Viwanda, hospitali na mashule vinahitaji watu wa namna hiyo, ila lazima ajifunze kuyaeleza aliyoyafanya bila lugha ya kambini. Programu za JROTC, zinazofundisha wanafunzi wa sekondari za Marekani, huajiri wastaafu wa vyeo hivi, na naona Sajini wa Kwanza hufika darasani pale akiwa ameiva tayari.

Mlango wa pembeni: afisa mteule

Kuna wanaosoma hadi hapa na moyo unawaambia hawataki foleni ya askari wala mikutano. Wanataka kazi yao, wawe mabingwa wake, waheshimiwe kwayo. Huyo aangalie uafisa mteule wa Kimarekani. Ni afisa, hupigiwa saluti, na kazi yake ni utaalamu: rubani wa helikopta, bingwa wa mifumo ya silaha, mchunguzi, mtu wa mitandao. Mafunzo ya kuingia yako Alabama. Mshahara, akishapanda ngazi moja mbili, humpita E-8 mwenye miaka ileile.

Masharti mawili watu wetu wayakumbuke. Lazima uwe raia wa Marekani. Na Jeshi la Nchi Kavu kwa kawaida hutaka mwombaji asiwe amevuka miaka 12 ya utumishi. Ukivuka unaomba ruhusa maalum. Mtu wa E-7 mwenye miaka kumi na nne ameshachelewa kidogo, ingawa si lazima ajibiwe hapana. Fani nazo si zote: askari wa miguu wa kawaida hana uafisa mteule wa fani yake.

Kwa hali yako

Uko nchi kavu, askari wa miguu au mizinga, unataka siku moja uwe Sajini Meja wa kamandi: omba kombania mapema, watoto wakiwa bado wadogo wa kubebeka au wakiwa wameshatoka nyumbani. Miaka ya katikati, ya shule za sekondari na mechi za Jumamosi, ndiyo inayoumiza.

Uko nchi kavu na hujui kama utaipenda: ichukue. Ni miaka miwili hivi, na njia ya kurudi ipo. Jambo moja la kujichunguza kwanza. Askari wako mgumu kuliko wote, yule anayekuharibia wiki, ulipomfikiria mara ya mwisho ulikuwa unatafuta namna ya kumtoa au namna ya kumwokoa? Wanaotafuta kumtoa mara nyingi hufaa zaidi makao makuu, na batalioni inawahitaji sana huko.

Uko Marine, fani yako unaipenda na ina soko nje: andika Masta Sajini, na usikubali mtu akuambie umechagua kidogo. Uko Marine na kwa miaka mitatu iliyopita kazi za fani umekuwa ukiwaachia koplo ili wewe ushughulikie watu: umeshachagua, andika hivyohivyo. Na kama bado unasitasita, mtafute Sajini wa Kwanza aliyetoka fani yako na umuulize anakosa nini. Wao husema ukweli wakiulizwa faraghani.

Kiingereza chako cha kuandika ni kizuri kuliko cha kuongea: usikifanye sababu ya kukimbia almasi. Lafudhi huzoeleka kwenye kombania ndani ya mwezi. Lakini ukijikuta kila mara unapendelea kuandika barua pepe kuliko kumfuata mtu bwenini, hilo halitokani na lugha, na ofisi ya operesheni itakufaa.

Umeoa au kuolewa na mtu ambaye naye yuko jeshini: mkipata almasi wote wawili kwa wakati mmoja, tafuteni mapema nani atawachukua watoto usiku simu mbili zikilia pamoja. Wengi hupeana zamu, mmoja kombaniani na mwingine makao makuu, kisha wanabadilishana.

Una miaka kumi au kumi na moja, una uraia, na unajiona fundi kuliko kiongozi: acha kusoma kuhusu E-8 na kaanze kutafuta barua za mapendekezo za uafisa mteule wiki hii.

Na kama umebakiza miaka miwili kufika ishirini na akili yako iko kwenye nyumba unayoijenga Kitengela au Kibaha, kazi ya kawaida ya Masta Sajini itakupa nafasi ya kumalizia masomo ya jioni kwa fedha za jeshi kabla hujaondoka. Kombania haitakupa.